Mnapata wapi muda na wenza wenu?

Wakuu habari za jioni. Mimi na mama watoto tunaishi Kimara, yeye ana duka la vitenge Kariakoo mimi ni mlinzi zamu ya usiku mjini, yaani akirudi mimi ndo natoka. Tunaonana kama saa moja tu, tunakunywa chai ya tangawizi na chapati kibarazani ananisimulia wateja wa siku hiyo, na hiyo saa naipenda kuliko kitu chochote. Sasa Jumapili zote mbili zilizopita mwezi huu nilikuwa kazini. Nyie mnafanyaje?

JIBU 1: Mkuu hongera, hiyo saa moja msiiache kabisa. Sisi tunapanda pantoni Magogoni kwenda Kigamboni jioni, tunakula mihogo ya kukaanga na kachumbari, tunarudi. Hela ndogo sana ila upepo ule wa bahari unashusha uchovu wote.

JIBU 2: Kaka mfuate dukani mchana ukishalala kidogo. Mume wangu hunipelekea chakula ofisini mara mojamoja, wali na maharage tu ya nazi kapika mwenyewe, siku hiyo nafanya kazi na moyo mweupe hadi jioni.

MLETA MADA: Dada asante sana, kesho namfuata na samaki wa soko la Feri, anapenda changu wa kukaanga.

JIBU 2: Usisahau ndimu na pilipili 😊