Nataka kumpeleka mama Ngaresero, Ziwa Natron, tunatokea Moshi, naombeni mwongozo

BintiWaMwalimu

Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni. Mi niko Moshi hapa Majengo. Mama yangu ni mwalimu mstaafu, ana miaka 66 sasa, na mwanzoni mwa miaka ya 80 alipangiwa kufundisha kule chini Ngaresero, pale Ziwa Natron chini ya mlima Lengai. Alikaa miaka miwili tu akahamishwa lakini mpaka leo ukimpa maziwa ya mgando anakwambia haya siyo. Kulikuwa na mama mmoja wa Kimasai boma lake liko karibu na shule, ndo alimpokea binti wa Kichaga asiyejua hata neno moja la kule, akawa anamletea maziwa kwenye kibuyu kila asubuhi kabla hajaenda darasani, na mama alipougua malaria huyo mama alilala naye chumba kimoja siku nne. Hawajaonana tena tangu hapo, simu hazikuwepo, barua haikuwa na pa kufikia.

Juzi mama kaniambia mwanangu mi nataka nikamsalimie yule mwenzangu kabla mmoja wetu hajatangulia. Sasa siwezi kukaa kimya baada ya hayo maneno.

Naombeni mnisaidie njia ikoje, gari gani, tukae siku ngapi, na zaidi ya yote unamtafutaje mtu baada ya miaka arobaini na kitu. Mama ana magoti na presha. Halafu mdogo wangu wa kiume naye anataka kuja apande Lengai. Tunafikiria likizo ya mwezi wa sita.

DerevaNjiaYaChini

Marhaba dada, na mama mpe shikamoo yangu. Hiyo njia naiendesha huu mwaka wa kumi na mbili nikitokea Arusha.

Mwezi wa sita umechagua vizuri, masika imeshaisha. Kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano usijaribu na mzazi, yale makorongo yanashuka maji kutoka milimani huku kwako jua linawaka, unafika unakuta korongo limejaa unasubiri masaa au unalala hapo.

Kutoka Moshi mje mlale Arusha kwanza, msiunganishe siku moja, mtamchosha mama bure. Asubuhi saa kumi na moja mnatoka, Arusha mpaka Makuyuni, mnakata kulia mpaka Mto wa Mbu, huko kote lami. Mto wa Mbu ndo pa kujaza mafuta full tank, maji ya kunywa, matunda, na kutoa pesa, maana ukishaacha lami unahesabu kama kilomita 120 nyingine kupitia Selela na Engaruka mpaka Ngaresero na mtandao unakuja na kupotea kwaiyo usitegemee kwamba utalipa kwa simu. Beba keshi na noti ndogo ndogo. Kuna mageti ya ushuru njiani, kila unapolipa dai risiti uitunze, usije ukalipishwa mara mbili.

Gari iwe ya juu, Land Cruiser au inayofanana nayo, spea tairi mbili. Baada ya Engaruka kuna vumbi la majivu ya mlima, laini kama unga wa sembe, tairi inazama, na kuna mawe meusi yenye makali. Mi upepo wa tairi huwa napunguza kidogo nikifika pale.

Na jua. Arusha mjini uko kama mita 1,400, Natron ni kama 600, mnashuka kwenye shimo la Bonde la Ufa. Saa saba mchana joto linaweza kufika 40. Ndo maana nasema saa kumi na moja alfajiri, saa tano au sita muwe mmeshafika mama yuko kivulini. Mkichelewa mnapita uwanda ule katikati ya jua kali na hakuna mti.

mdau_wa_Kaloleni

Naunga mkono la gari. Sisi tulidanganywa na jamaa mmoja mwenye Noah, akasema anaijua ile njia kama mfuko wake, tukakwama kwenye korongo kabla hata ya kuuona mlima, tulikuwa na mtoto mchanga na maji lita sita tu. Waliotutoa ni vijana wa Kimasai waliokuwa na mbuzi, walisukuma lile gari zaidi ya saa nzima na walipomaliza wakaulizia tu kama mtoto ameshakunywa maji. Bei ya chini isikuvute dada, kodi gari ya maana hata kama itabidi msogeze safari mwezi mmoja mkusanye hela.

MpandaMilima_Sakina

Mi nijibu la mdogo wako. Lengai nimepanda mara tatu, una mita kama 2,960 hivi, kwa urefu ni nusu ya Kilimanjaro yenu, lakini mwambie asiufananishe. Kilimanjaro unapanda kwa siku kadhaa na unapumzika, Lengai unaanza usiku wa saa sita ukiwa na tochi ya kichwani, unapanda moja kwa moja masaa matano sita, jua likichomoza uwe juu, halafu unashuka haraka kabla halijakukuta mgongoni. Hakuna maji kule. Mteremko ni mkali, kuna sehemu unatumia mikono, na yale majivu unapiga hatua mbili unarudi moja. Gloves avae, mikono inachunika. Viatu vya kufunga kifundo, na soksi ndefu, majivu yakiingia kiatuni yanasugua kama msasa. Kushuka ndo kunaua magoti kuliko kupanda.

Na apande na kijana wa palepale kijijini, siyo mtu aliyetoka naye mjini. Mara ya kwanza tulipewa mwongozaji na kampuni moja ya mjini ambaye hakuwa amepanda zaidi ya mara moja, tukapotea gizani kwenye mifereji, mmoja wetu akateguka. Vijana wa pale wanaujua mlima unavyobadilika, kwa sababu ule uko hai kabisa. Mwezi wa saba 2007 hata Arusha mjini tulitikisika kwa matetemeko, mwezi wa tisa ukalipuka na majivu yakaendelea kurushwa mpaka 2008, watu wakahamisha mifugo. Sa hivi unachemka taratibu shimoni. Kabla ya kuondoka aulize wenyeji mlima umeamkaje wiki hiyo, wakisema usipande, asipande.

Halafu nimweleze kitu atakachokiona maana mi kinanigusa kila nikikumbuka. Ule uji wa moto wa Lengai hauna mwenzake duniani, hakuna volkano nyingine hai inayotoa lava ya namna ile ya magadi. Una joto la nyuzi kama 500 na kitu, wakati lava za kwingine zinapita hata 1,000, kwaiyo mchana hauuoni ukiwaka mwekundu, unauona mweusi mwepesi kama oil chafu ya gari inavyomwagika. Ukishapoa na kukutana na unyevu unageuka mweupe. Ndo maana ukiwa mbali unaona kilele kama kina theluji, na wengi wanaoshuka Natron mara ya kwanza wanadhani ni theluji. Asikanyage ule ukoko wa shimoni hata kama unaonekana mgumu.

Nalotuesha_wa_Ngaresero

Dada nimesoma post yako mara mbili. Mi nimezaliwa Ngaresero, sa hivi niko Arusha kwa ajili ya kazi, nyumbani bado ni kule.

Kumtafuta huyo mama siyo kazi kubwa kama unavyofikiria, ila unatakiwa uulize kwa namna ya kwetu. Ukifika ukataja jina lake la kuzaliwa utazunguka sana, mwanamke akishazaa anaitwa kwa jina la mtoto. Kwaiyo muulize mama yako: mtoto wake wa kwanza aliitwa nani? Mume alikuwa rika gani, Seuri au Makaa? Alikuwa mke wa ngapi? Boma lilikuwa upande wa mto au upande wa mlima? Mzee yeyote ukimpa hayo atakupeleka mpaka mlangoni, kwa sababu kwetu rika ni kama kalenda, mtu akijua rika anajua ni watu wa umri gani na walikaa wapi.

Mkifika msianzie kwenye kambi za wageni, pitieni ofisi ya kijiji kwa mwenyekiti mjitambulishe kwamba mwalimu wetu amerudi. Nakuhakikishia hilo neno litafika kila boma kabla hamjamaliza chai. Mwalimu wa miaka ile hasahauliki, wengi wa wazee wetu waliojua kusoma ni mikono ya walimu kama mama yako.

Salamu msiipite. Mwanaume ukimsalimia "supai" anaitika "ipa", mwanamke ni "takwenya" anaitika "iko". Watoto watakuja wameinamisha kichwa, mama awaguse utosini, hiyo ndo shikamoo yetu na marhaba yake. Nina uhakika mama atakumbuka mwenyewe. Na picha, tafadhali msipige kabla ya kuomba, mdogo wako umsisitize, watu wamechoka kuelekezewa simu usoni na wapita njia.

Kuhusu maziwa, mama yako anasema kweli. Kibuyu kinasafishwa kwa kijinga cha moto cha oloirien, ule mzeituni wa porini, kinasuguliwa ndani mpaka kuta zinakuwa nyeusi, halafu ndo maziwa yanawekwa. Ile harufu ya moshi na vile vipunje vyeusi vidogo vinavyoelea juu, hiyo ndo ladha anayoitafuta. Huwezi kuipata kwenye jagi la plastiki.

BintiWaMwalimu

Jamani Mungu awabariki, nimemsomea mama yote kwa sauti. Nilipofika kwenye vipunje vyeusi alinyamaza muda mrefu halafu akasema "huyo ni mtoto wa kule kweli".

Majibu yake: mtoto wa kwanza alikuwa wa kike, jina analikumbuka vizuri maana alikuwa mwanafunzi wake, nimekutumia inbox dada Nalotuesha. Mume hakumbuki kama alikuwa Seuri au Makaa ila anakumbuka wakati ule alikuwa mtu mzima tayari, wake wawili, huyu mdogo. Boma upande wa mto, ukitoka shuleni unavuka mfereji. Anakumbuka mpaka ule mfereji dada zangu.

Anauliza je anaweza kufika kwenye maporomoko na ziwani? Na abebe zawadi gani? Anataka kumpelekea kitenge, mi sijui kama ni sahihi.

DerevaNjiaYaChini

Maporomoko kwa magoti hayo hapana dada. Unatembea ndani ya korongo karibu saa nzima, unavuka mto mara kadhaa, mawe yanateleza. Mto wenyewe lakini anaweza kukaa pembeni yake kijijini, maji yake ni matamu hayana magadi, akaweka miguu.

Ziwani mpelekeni saa kumi na mbili asubuhi. Gari linaachwa mbali, mnatembea polepole uwandani. Kwenye ule ukoko mweupe mfuate nyayo za mwenyeji tu, chini yake ni tope, na lile tope na maji yake yanawasha ngozi, ukiwa na kidonda utalia. Heroe, wale flamingo, mtawaona pembezoni wakila. Viota hamtaviona, wanatagia mbali kule katikati kwenye tope ambako hata fisi hafiki, ndo maana karibu robo tatu ya heroe wa ile aina ndogo wa dunia nzima wanazaliwa ziwa hili moja. Pia kuna zile nyayo za watu wa kale zilizogandia kwenye majivu ya volkano, zaidi ya mia nne, ziko tambarare karibu na ziwa, hapo mama anafika bila shida. Unaona kabisa kisigino na vidole vya mtu aliyepita maelfu ya miaka iliyopita.

Dawa za presha abebe za wiki nzima hata kama mnakaa siku tatu. Ukihitaji hospitali kubwa kutoka pale ni safari, ama upande ule ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Wasso ama urudi kupitia Mto wa Mbu.

Nalotuesha_wa_Ngaresero

Kitenge atakipenda lakini aongeze shuka, nyekundu au ya bluu, ile nzito. Na sukari kilo tano, majani ya chai, unga. Sukari ndo mgeni anayejua adabu anakuja nayo.

Nimempigia baba mdogo jana jioni, alikuwa amepanda kilimani kutafuta mtandao. Anasema kwa hayo maelezo kuna makoko, yaani mabibi, wawili wanaoweza kuwa ndio. Mmoja yupo palepale boma la upande wa mto, macho hayaoni vizuri lakini masikio mazima. Mwingine alihamia kwa mwanae Gelai, ng'ambo ya ziwa. Jina la yule binti ulilonitumia anasema kwenye familia zote mbili lipo, kwa hiyo ameona asimwambie yeyote kwanza asije akampa mtu matumaini ya bure. Mama hana picha ya wakati ule?

BintiWaMwalimu

Anayo! Moja tu, nyeusi na nyeupe, amesimama mbele ya darasa na wanafunzi, na pembeni kuna mwanamke amebeba mtoto mgongoni, kichwa chake kimeingia nusu tu kwenye picha. Mama anasema ndo yeye, alikataa kusimama katikati. Nimeipiga picha kwa simu nakutumia sa hivi.

Kama ni yule wa Gelai je, gari linafika?

DerevaNjiaYaChini

Linafika dada, tunazunguka ziwa kwa kusini. Ongezeni siku moja kwenye mpango, msipange tatu, pangeni nne, na mafuta nitabeba galoni mbili za ziada.

Nalotuesha_wa_Ngaresero

Picha nimeipata, nimeshamtumia baba mdogo, haijafika bado, inaonyesha tiki moja. Kesho ni siku ya kupeleka ng'ombe juu, atapata mtandao.

Mama mwambie aanze kukumbuka Kimasai chake. Yule koko wa upande wa mto Kiswahili hajui.