Mjadala: Dawa za "kusafisha ini" ziendelee kuuzwa bila ya kuandikwa kilichomo?

Mwana wa Mkunazini

Assalamu alaykum ndugu zangu. Pita soko la Darajani, hapa Unguja, jioni, utakuta chupa ya maji iliyokwishatumika imejazwa dawa nyeusi, juu yake kikaratasi: "Inasafisha ini, figo na damu. Kikombe kimoja asubuhi na jioni." Jina la mti halipo, wala tarehe ya kuchemshwa. Mie nasema dawa kama hiyo isiuzwe mpaka iandikwe kilichomo na kiasi chake.

Ini ndilo linalosafisha mwili, na likiumia lina njia yake ya kujijenga. Mwaka 1931 watafiti wawili wa Marekani, Higgins na Anderson, walieleza walivyomkata panya theluthi mbili za ini. Katika muda wa siku kama kumi ini hurudi ukubwa wake. Seli zikifa, seli za ulinzi ziitwazo Kupffer hupiga kengele kwa kutoa ishara, mojawapo interlukini-6, na seli za ini zilizosalia zikaanza kugawanyika. Tabu ni kwamba kuna seli nyengine, zenye umbo la nyota, ambazo siku zote zimetulia zikihifadhi vitamini A. Hizi nazo, ini likiumia, hupokea ishara iitwayo TGF-beta, zikageuka na kuanza kutengeneza kolajeni, yaani kovu. Jeraha likiwa la mara moja, kovu huyeyuka. Likiwa la asubuhi na jioni kwa miezi, ishara hazinyamazi na ini linakakamaa. Na haliumi! Mtu anajiona mzima, ananunua chupa ya pili.

Muuza Dawa Darajani

Wa alaykumu salaam. Kazi hii nimerithi kwa babu yangu, kwa hiyo nakujibu kwa heshima. Wanaokuja kwangu wameshatoka hospitali, wameambiwa homa ya ini B haitoki mwilini. Waende wapi? Na panadoli mbona haisemwi? Nayo inaua ini, na kila duka la mtaani inauzwa. Tena nikiandika mchanganyiko wangu, kesho mwenye meza ya pili anauza dawa yangu kwa nusu ya bei. Kilichomo ni habasoda, tangawizi, manjano na miti miwili mitatu. Manjano tumekula tangu utotoni, nani kafa?

Mwana wa Mkunazini

Kuhusu panadoli umesema kweli. Ikizidishwa hutoa sumu inayomaliza glutathioni, kinga ya seli za ini. Lakini kidonge kimeandikwa miligramu 500, ndiyo maana mtu mzima anaweza kuambiwa asipite vidonge 8 kwa saa 24. Akipitisha na akawahishwa hospitali, daktari anajua ni sumu gani na dawa yake ipo, asetilisisteini. Kwa chupa yako ataanzia wapi?

Manjano ya mchuzini sina neno nayo. Vidonge vya manjano yaliyokolezwa ni habari nyengine: Italia mwaka 2019 ilitangaza wagonjwa kadhaa wa homa ya ini waliokuwa wakivimeza, na mwaka 2022 watafiti wa Marekani walieleza wengine 10. Baadhi ya vidonge hivyo vilikutwa na pilipili manga, ambayo huzidisha sana kiasi cha kurkumini, kemikali iliyomo kwenye manjano, kinachoingia kwenye damu. Vitu vyote viwili tunavilima hapa kwetu. Kiasi ndicho kilichobadilika, na kiasi ndicho usichotaka kukiandika.

Muuguzi wa Pemba

Kaka zangu, mie niko wodini. Anakuja mama, macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi. Namuuliza amekunywa nini, anamtazama mumewe kwanza. Kwengine alishakemewa kwa dawa za kienyeji, basi ananambia hakunywa kitu, na kifuniko cha chupa nakiona kinachungulia mkobani. Mkizipiga marufuku, zitahamia uani kwa watu na mie sitoambiwa chochote. Kwa hilo siungi mkono msako.

Lakini na wewe, kaka wa Darajani, usiwaache watu waamini kuwa hospitali hakuna kitu. Tenofoviri, dawa ya homa ya ini B, ipo. Haimalizi virusi, ila huvituliza, na ini huweza kupunguza hata kovu lililokwishaanza. Si kila mwenye virusi anaihitaji, ndiyo maana apimwe. Wapo wanaoiacha wakafuata chupa, virusi vikarudi kwa nguvu, na wengine tunawapata tumbo limeshajaa maji.

Muuza Dawa Darajani

Dada, hilo la tenofoviri nimelichukua. Anayeitumia sitomwambia aache. Majina ya miti nitaandika, na tarehe. Vipimo nitavipeleka Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, wavihifadhi wao. Kwenye karatasi, hapana.

Mwana wa Mkunazini

Hapo bado hatujakubaliana. Mgonjwa akiletwa usiku, Baraza limefungwa.

Muuguzi wa Pemba

Basi andika na nambari yako ya simu juu ya chupa, kaka, na nikikupigia saa nane za usiku upokee.