Tupeane uzoefu: wenye sukari na tunaopunguza wanga, asubuhi mnakula nini badala ya mihogo na konfleksi?

Habari za asubuhi wana kusini. Nimekaa na hili jambo miezi minne nikaona nililete hapa tutasaidiana, najua siko peke yangu. Mie niko Mtwara mjini, Chuno. Mwezi wa tatu nilikuwa nachoka hovyo, kiu haiishi, usiku naamka kwenda chooni mara nne mara tano, nikaenda kupima sukari sijala kitu ikasoma 9.8, nikarudia siku nyingine 10.1, daktari akaniambia mama hii ni kisukari aina ya pili, akanipa dawa ya metformini na kunisisitiza nipunguze wanga hasa asubuhi. Sasa asubuhi yangu tangu nazaliwa ni chai na muhogo wa kuchemsha, siku nyingine vitumbua. Nitakula nini mie?

Nikaenda dukani nikatoka na boksi la konfleksi, mbele limeandikwa lina vitamini na madini, na picha ya mtu anakimbia, nikajua hiki ndo chakula chepesi cha mgonjwa. Nikala wiki nzima na maziwa, juu nakatia ndizi mbivu. Siku moja nikasema ngoja nipime, kabla ya kula 7.4, masaa mawili baadae 15.2. Nikadhani mashine imeharibika au kidole kina ndizi, nikanawa mikono kwa sabuni nikajichoma tena, 14.9.

Jirani yangu anaoka keki, ana ile mizani ndogo ya gramu. Nikabeba bakuli langu na boksi nikaenda kwake. Akaweka bakuli juu ya mizani akairudisha sifuri, akaniambia mimina kama unavyomiminaga kwako, usijibane. Nikamimina. 88. Boksi lenyewe linasema mlo mmoja ni gramu 30! Tukarudisha zote tukamimina 30 kweli, zikafunika tu chini ya bakuli, maua yaliyochorwa ndani ya bakuli yanaonekana yote. Hapo ndo nikaelewa. Konfleksi gramu 100 ina wanga kama gramu 84, kwahiyo 88 zangu zilikuwa na wanga kama 74, maziwa yale ya kikombe kikubwa gramu 12 hivi, ndizi moja gramu 25 na zaidi, yani nimepita gramu 110 na sukari ya kijiko sijagusa. Muhogo nilioukimbia una wanga gramu 38 kwa kila gramu 100, sahani yangu ya zamani ya gramu 250 ilikuwa 95. Nimeruka majivu nimekanyaga moto.

Naomba mlioanza zamani mseme mnachagua vipi, mmekula nini, na mashine ilisomaje. Sio ya kusikia, ya kwenu wenyewe.

Mchangiaji wa Masasi:
Pole sana dada yangu. Mie nina duka, hivi vitu nauza, na baba yangu ana sukari mwaka wa tisa sasa, kwahiyo boksi nalisoma kwa macho mawili. Cha kwanza usisome mbele, mbele ni biashara, pindua usome ubavuni. Tafuta safu ya gramu 100, achana na safu ya "kwa mlo" maana hiyo kila kiwanda kinajipangia, huyu 30 yule 45, huwezi kulinganisha.

Cha pili ndo kilinichanganya muda mrefu. Maboksi ya Marekani yanaandika jumla ya wanga na ndani yake nyuzinyuzi zimo, hapo unachukua jumla unatoa nyuzinyuzi ndo unapata wanga unaopandisha. Ila ya Uingereza na Ulaya nyuzinyuzi wameshazitoa, zina mstari wake chini, na ya Afrika Kusini utakuta imeandikwa wanga wa glaisemiki, nao ni hivyohivyo. Ukitoa tena hapo umetoa mara mbili. Mie nilimfanyia baba hilo kosa miezi, namwambia hii ina wanga kidogo, kumbe hesabu yangu ndo mbovu. Na huku kwetu rafu moja ina boksi la Uingereza, la Afrika Kusini, la Dubai, kwahiyo angalia kwanza limetengenezwa wapi.

Cha tatu, sukari kidogo sio wanga kidogo. Kwa Ulaya na Uingereza kitu hakiruhusiwi kuandikwa sukari kidogo kama kimezidi gramu 5 kwenye gramu 100, na cha kuandikwa nyuzinyuzi nyingi lazima kifike gramu 6. Weetabix, zile za ngano za kulowesha na maziwa, inapita kote, sukari gramu 4 na kidogo, nyuzinyuzi 10, ni chakula kizuri tu, ila wanga ni 69. Ngano ni ngano. Halafu soma viungo, kinachotangulia ndo kingi kuliko vyote, na sukari ina majina, utakuta sharubati ya glukosi, maltodekstrini, dekstrosi, asali, kimea. Ukikuta matatu ya hivyo kwenye boksi moja rudisha kwenye rafu, hata kama ni dukani kwangu.

Mchangiaji wa Mtwara, dereva boda:
Mie siumwi, natoa kitambi. Hizi za maboksi nimeziacha, saa nne tu njaa inauma nikiwa na abiria. Sa hivi asubuhi mayai mawili ya kuchemsha na supu ya samaki au pweza bila chapati, nafika saa nane. Sina mizani sina nini, ila mkanda nimerudi matundu mawili.

Mchangiaji wa Nachingwea:
Dada wa Chuno, sisi tunavyo vitu vya kutengeneza hiyo sirio (hivyo vyakula vikavu vya asubuhi kama konfleksi) yetu nyumbani, mbona tunahangaika na boksi la elfu 14. Mie nina kisukari tangu ujauzito wa mtoto wa mwisho, hakikuondoka. Nakwambia ninavyofanya.

Chicha la nazi mnalitupaje? Wengi wanawapa kuku. Ukishakamua tui la kwanza na la pili, lile chicha limebaki nyuzinyuzi nyingi na mafuta kiasi, sukari ya nazi nyingi imeshaondoka na tui. Mie nalitandaza kwenye ungo siku hiyohiyo, nafunika kitambaa chepesi inzi wasikae, naanika jua kali, jioni linakuwa kavu linateleza kwenye vidole kama chenga. Likilala bichi linachacha, usijaribu, harufu yake haitoki. Kesho yake nalikaanga kavu moto mdogo mpaka liwe rangi ya chai ya maziwa.

Ufuta naupeta, halafu nauosha mara tatu maana ufuta wetu una mchanga, mchanga unakaa chini ufuta unauchota juu kwa mkono. Ukikauka nakaanga, unaanza kurukaruka kwenye kikaango na kutoa harufu, hapohapo epua, ukisubiri sekunde umekuwa mchungu. Nusu nautwanga kidogo kwenye kinu kwa sababu ufuta mzima unapita tumboni kama ulivyo. Karanga nakaanga nazipekecha maganda, nazipondaponda. Mbegu za maboga nakaanga na chumvi kidogo sana.

Binti yangu amesoma sayansi akanipigia hesabu: karanga gramu 100, chicha kavu 100, ufuta 50, mbegu za maboga 50, korosho vipande 50, pumba safi za ngano 50. Nikila gramu 40 na mtindi usio na sukari, wanga ukitoa nyuzinyuzi ni kama gramu 5 tu za huo mchanganyiko. Konfleksi gramu 40 ni zaidi ya 30. Naweka na mdalasini. Asubuhi za hivyo baada ya masaa mawili nasoma 7 na kitu, 8 mara chache.

Mchangiaji wa Lindi mjini:
Asante mama wa Nachingwea, hilo la chicha nimelipenda mno! Mie nataka kuongezea kuhusu korosho maana watu wa huku tunadhani kwa kuwa ni yetu basi tule tu. Mwaka jana niliacha mkate nikawa nakula korosho za kukaanga bakuli zima kila asubuhi, nikitazama video wanasema njugu hazina wanga. Korosho gramu 100 ina wanga 30, ukilinganisha na karanga ina 16 na nusu ya hizo ni nyuzinyuzi. Katika jamii ya hizi za kutafuna korosho ndo inaongoza kwa wanga au karibu na kuongoza. Na mafuta yake yanashibisha lakini yana nguvu nyingi, miezi mitatu nikaongezeka kilo nne. Sa hivi ni kiganja kimoja kisichojaa, nazihesabu kumi na tano basi.

Mchangiaji wa Newala:
Naomba hili msilipite. Mama yangu anatumia glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, sio metformini peke yake. Tulisoma mambo haya ya kupunguza wanga tukafurahi, tukamwondolea uji na mihogo siku moja, tukampa mayai na karanga, dawa akameza kama kawaida. Saa tano yuko shambani anapalilia mdogo wangu akaona jembe limemdondoka. Jasho linamtoka kama kamwagiwa maji, mikono inatetemeka, akiulizwa anajibu vitu vingine kabisa. Bahati mashine ilikuwa kwenye mkoba, 2.9. Wakamkoroga maji na sukari vijiko vitatu akanywa, baada ya robo saa 4.6, akaanza kutujua.

Kosa lilikuwa letu, hatukumwambia daktari tunabadilisha chakula. Alipoambiwa akapunguza dozi siku hiyohiyo, mama sasa anakula hivyohivyo bila shida. Kwahiyo mwenye insulini au dawa za jamii hiyo ya glibenklamidi akipunguza wanga ghafla sukari inaweza kuanguka, nenda kwanza ukaongee kliniki, halafu ndo uguse sahani. Mimi ile sura ya mama siisahau.

Mchangiaji wa Chuno (mwenye uzi):
Ndugu yangu wa Newala nimesoma mara mbili, mwili umesisimka. Allah amzidishie mama uhai. Mie ni metformini tu ila jumatatu nina kliniki nitauliza hata hivyo.

Mchangiaji wa Kilwa Masoko:
Mie otsi (oats) siziachi, ila kuna otsi na otsi. Kuna zile pana, ukizipika zinachukua muda, na kuna zile zilizosagwasagwa za kumwagia maji ya moto tu. Kwenye kile kipimo cha kasi ya kupandisha sukari, ambapo glukosi yenyewe ni 100, zile pana zinakaa kwenye 55, za maji ya moto 79, konfleksi 81. Na otsi zote mbili ni nafaka ileile! Nilipima mwenyewe, za maji ya moto nilipanda mpaka 11.8, pana kiasi kilekile 9.1. Lakini wanga upo, sio kidogo, kwahiyo vijiko vinne vya kulia chakula na sio zaidi, napika na tui jepesi, juu ufuta. Na uji wa lishe nao tuseme ukweli, unga wa mahindi, mchele, ulezi umesagwa laini, unamfaa mtoto anayekua, mimi ulinipeleka 14. Watu wananibishia sana hili nyumbani, mama mkwe alikasirika kwa sababu ndo alinitengenezea kwa mikono yake, ikabidi mume wangu amwonyeshe mashine.

Mchangiaji wa Mikindani:
Kwa wanaofunga (baada ya kuruhusiwa na daktari wao), daku ya mtindi na mchanganyiko kama wa mama wa Nachingwea imenisaidia Ramadhani iliyopita. Zamani daku ni wali, saa tisa mchana kiu inanimaliza. Naloweka kwenye mtindi toka usiku, alfajiri imelainika.

Mchangiaji wa Chuno:
Wapendwa nimerudi na majibu. Wiki mbili sasa. Chicha nimelianika juu ya bati la banda, siku ya kwanza mvua ikalinyeshea nikalitupa, la pili likakauka vizuri. Mbegu za maboga nilizipata kwa tabu, nikaongeza karanga badala yake. Nimepima gramu 40 kwa mizani ya jirani, nikazimimina kwenye kikombe cha plastiki nikachora mstari kwa kalamu ya wino mzito, sasa sihitaji mizani kila siku. Jana kabla 6.9, masaa mawili baadae 8.2. Leo kabla 6.6, baadae 7.9. Usiku naamka mara moja tu.

Muhogo sijauacha, nakula jumapili kipande kimoja cha ukubwa wa kiganja na samaki, bila hivyo nyumbani kwangu sio nyumbani. Sa hivi kinachonisumbua ni pumba za ngano, mashine za huku nyingi ni za mahindi. Kuna anayejua zinapopatikana Mtwara mjini, safi za kuliwa na watu sio za mifugo?

Mchangiaji wa Masasi:
Dada nakutumia na basi la kesho asubuhi, kilo moja, niandikie pembeni nikupe jina la kondakta.