MREJESHO: Malazan vitabu 10, nimefika mwisho

Wakuu, msimu wa korosho uliopita niliomba msaada: nilikwama kitabu cha 5 cha Malazan, mfululizo wa riwaya za vita na uchawi wa Steven Erikson, sijui nani ni nani. Ahsanteni sana.

Kilichonivusha ni ushauri wa mwalimu wa Masasi: kaunta buku, ukurasa mmoja kwa kila kikosi, si kwa kila askari. Askari hawa wana majina ya utani na wanahama vikosi. Mfano, Strings wa kitabu cha 4 ni Fiddler yuleyule wa kikosi cha Bridgeburners. Ukimwandika kama mtu mpya umeshapotea.

Kitabu cha 5 chenyewe kinarudi nyuma, bara jingine kabisa, na unayemjua ni Trull Sengar tu. Aliyeniambia nikisome kama kisa cha Trull alinena kweli. Siku tisa kikaisha.

Na ule ushauri wa kusoma kurasa 50 kila usiku? Hapana. Kitabu cha 8 kinasimuliwa na mhusika aitwaye Kruppe, maneno mengi kuliko mwendo, na umeme wa Mtwara ukikatika simu ninayosomea nayo inazima. Nilishusha hadi kurasa 15.

Kosa langu: nilipumzika mwezi mzima baada ya cha 9. Msifanye hivyo, cha 9 na cha 10 ni hadithi moja iliyokatwa katikati ya vita. Nililazimika kurudia sura tatu za mwisho.

Mashairi ya mwanzo wa sura niliyaruka, samahani mama wa Lindi uliyenishauri niyasome. Vitabu vya Ian C. Esslemont, mwandishi mwenzake Erikson katika ulimwengu huohuo wa Malazan, bado sijavigusa.