Bweni, basi la shule au atembee mwenyewe? Gredi ya 5, Nakuru

Mama_wa_FreeArea
Wazazi, hamjambo. Kijana wangu ana miaka kumi, Januari anaingia gredi ya 5, na nyumbani tumegawanyika. Baba yake anataka bweni, eti mtoto amedekezwa hata soksi hawezi kujitafutia. Mimi nataka abaki kutwa. Sasa kutwa yenyewe ina njia mbili: basi la shule, 4,500 kwa mwezi, au atembee. Shule iko ng'ambo ya barabara kuu ya Nairobi, kama dakika ishirini na tano kwa miguu yake. Nataka ajue kujisimamia, na masomo yasimwache. Mwenye kujua anisaidie kupima.

Baba_Tunu
Niko Lanet. Hilo basi usilisifu kabla hujaulizia linapitia wapi. Saa rasmi za masomo kwa shule za kutwa ni saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Kwetu lilikuwa likipiga honi langoni saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa kuwa wetu alikuwa wa kwanza kuchukuliwa na wa mwisho kushushwa. Mtoto anazungushwa mitaa yote akisinzia. Jioni anafika giza linaingia, anakula, anafanya kazi ya ziada, analala. Kuosha sahani yake atajifunza saa ngapi? Tukamtoa. Siku hizi anatembea na watoto wa majirani, anaondoka saa moja, na amepata hata nafasi ya kugombana na dada yake.

Ticha_Njoro
Nimewahi kuwa mlezi wa bweni, kwa hivyo nitasema kile mzazi haoni siku ya kutembelea. Mtoto wa bweni hutandika kitanda kikanyooka, hufua soksi, hula kwa wakati. Kweli kabisa. Lakini kengele ndiyo inayomwamsha, kengele inampeleka prepu, kengele inamlaza. Likizo ikifika mama ananipigia: mwalimu, huyu analala hadi saa nne, vyombo hagusi! Atagusa vipi, na hajasikia kengele? Mtoto hukomaa kwa yale anayoamua mwenyewe. Hizi shilingi ishirini anunue mandazi au aziweke? Aanze na Hisabati, au acheze kwanza halafu aone kitakachompata kesho yake darasani?

Sasa hilo la kuachwa nyuma. Kuna shule zinazotumia KPSEA kumtishia mzazi wa gredi ya 5 ili alipie bweni. Mama, mtihani ule wa gredi ya 6 haumzuii mtoto kuingia gredi ya 7. Katika kupangiwa sekondari ya juu unachangia asilimia 20, tathmini za shuleni asilimia 20 nyingine, na KJSEA ya gredi ya 9 ndiyo yenye asilimia 60. Na tangu 2023 JSS, yaani sekondari ya chini ya gredi ya 7 hadi 9, iko ndani ya shule za msingi, si kama enzi za 8-4-4 ambapo baada ya darasa la nane unafunga sanduku. Anaweza kulala kwake hadi gredi ya 9. Una miaka mitano ya kumfunza kutafuta soksi.

Nesi_wa_Zamu
Mwalimu, hayo nayakubali, ila wengine hatukuchagua bweni ili mtoto awe mkakamavu. Mimi niko Kisumu, ni muuguzi na nalea peke yangu. Zamu ya usiku ikinipata, msichana wangu angelala na nani? Na dada wa kazi niliyemwajiri juzi? Bweni limenifaa, sitamwomba mtu msamaha.

Ila baada ya moto wa bweni la shule ya Hillside Endarasha kule Nyeri, Septemba 2024, uliowaua wavulana 21, nilienda shuleni nikataka kuingia bwenini mwenyewe. Mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 unasema milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, na kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2. Nilikuta madirisha yana vyuma na vitanda vimebanana. Nikamhamishia shule nyingine. Mwambie baba watoto aende akapime kabla ya kulipa karo, na wakimzuia mlangoni arudi na pesa zake.

Odijo_Kondele
Huku kwetu wengi wanatumia tuktuk ya mtu wanayemjua. Ni sawa, mradi asiwapakie watoto kama omena kwenye gunia.

Lakini nauliza, kazi za mradi nani anazifanya? Mtoto wa jirani aliambiwa atengeneze sanamu ya kufukuza ndege shambani. Baba akapiga misumari, mama akashona suruali, kijana akabeba tu hadi shule, na akasifiwa! Huyo hata akitembea hadi Eldoret bado atatafutiwa soksi.

Mama_wa_FreeArea
Odijo umenichoma, nimeshinda saibani mara nyingi nikimtolea picha za wanyama. Bweni nitaliacha kwa sasa, nitamsomea baba yake hizo asilimia. Lakini kutembea... kinachonitisha ni lami. Magari ya kwenda Nairobi hayapunguzi mwendo, na boda zinakuja upande usio wao.

Baba_Tunu
Mwanzoni tembea naye, ila yeye ndiye aseme "sasa tuvuke." Wewe nyamaza, mkono uwe karibu na kola yake. Baadaye mfuate kwa nyuma. Boda asipande, hata ya mtu anayejua jina lake. Na nambari yako ya simu aikariri, isikae kwenye daftari tu.

Mama_wa_FreeArea
Wako alianza kuvuka peke yake akiwa gredi gani?

Baba_Tunu
Barabara kuu havuki hata leo, shule yetu iko upande huu huu. Kwa hilo usinifuate. Mvushe wewe asubuhi, jioni tafuta mtu mzima wa kumngoja pale, halafu sehemu iliyobaki mwachie.