Mwanafunzi wangu kaambiwa projekti yake ni "sayansi kimu". Nimtetee au nimbadilishie mada?

Mhadhiri Mdogo

Wakuu salaam. Wazee wangu shikamooni.

Nafundisha uhandisi wa nishati chuo kimoja hapa nchini, jina naliacha. Mwaka huu nasimamia wanafunzi saba wa mwaka wa nne. Watano waliniletea andiko la pampu ya maji ya sola kijijini. Vijiji vitano tofauti, lakini kina cha kisima ni kile kile cha mita 60, na mmoja kasahau kufuta jina la kijiji cha aliyemtangulia. Desa tupu. Hao najua pa kuanzia. Wa saba haonekani, nasikia ana biashara ya simu.

Kinachoninyima usingizi ni wa sita, binti mkimya. Shangazi yake ni mama lishe. Binti kanunua kimita cha kuchomeka ukutani, kile kinachohesabu uniti, kwa hela ya bumu lake, akaazima mzani wa duka, akakaa jikoni kwa shangazi siku 21. Kilo moja ya maharage yaliyolowekwa, asubuhi na jioni. Jiko la mkaa upande mmoja, jiko la umeme la presha la wati 1,000 upande wa pili. Kwenye presha yameiva kwa chini kidogo ya nusu uniti. Kwa uniti ya 356 hiyo ni kama shilingi 170. Upande wa pili ilimla zaidi ya kilo moja ya mkaa kila mpiko.

Akapeleka mbele ya jopo. Mzee mmoja akamwambia, "Binti, hii ni sayansi kimu, si uhandisi." Mwingine akasema data zinarukaruka, jioni maharage yanachelewa kuiva na uniti zinapanda, kwa hiyo upimaji ni mbovu. Wanataka abadilishe, afanye modeli ya gridi ndogo kwenye kompyuta. Zimebaki wiki tisa.

Mwenyekiti wa jopo ndiye aliyenifundisha mimi. Nikinyamaza namuuza binti. Nikibisha naonekana nimeota mapembe. Ushauri tafadhali, natanguliza shukrani.

Kishoka Mstaafu

Maharage yaliiva lakini? 😂

Sasa kwa dhati, mkuu. Mimi ni fundi, cheti cha VETA, miaka 19 juu ya ngazi. Aliwahi kuletwa kwangu kijana wa field, wa digrii. Mteja ana feni mbili na tivii, jumla wati 150, anataka usiku mzima. Kijana akaniambia betri moja ya 12V 100Ah inatosha. Nikamwacha makusudi. Saa nne na nusu usiku mteja ananipigia, giza. Kesho yake tukakaa chini ya mwembe tukapiga hesabu: 12 mara 100 ni wati-saa 1,200, betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600. 600 kwa 150 ni saa nne. Basi. Aliyajua yote hayo kwenye karatasi! Ila hakuwahi kuona betri ikimfia mkononi. Huyo binti wako kashaona. Usimrudishe kwenye kompyuta.

Tajiri wa Mawazo

Nitakuwa mkweli, jopo lina hoja. Mzazi hakuuza ng'ombe mwanawe akapike maharage. Huyu mtoto kesho anaomba skolashipu, anashindana na watu walioandika kuhusu betri za lithiamu. Mbadilishie mada, umalize salama na wewe.

Mhadhiri Mdogo

@Tajiri wa Mawazo nakuheshimu, lakini serikali hiyo hiyo inayotusomesha imezindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Nani atapima kama tunafika? Au tutaigiza tu kwenye kompyuta kwamba mama lishe kahama mkaa?

@Kishoka, hadithi ya mwembe naiiba, naenda nayo darasani Jumatatu.

Mama Stima

Habari zenu majirani. Mimi ni injinia upande wa Nakuru, nimelea vijana kadhaa. Mwalimu, pole, lakini mbona ni wewe unayetaka kuongea? Projekti ni ya nani? Ukisimama kumtetea mbele ya jopo, wazee watajibizana na wewe na msichana atageuka mtazamaji. Nilipokuwa mwaka wa tano msimamizi wangu alinifanyia hivyo kwa upendo kabisa, na mpaka leo sikumbuki nilisema nini siku hiyo. Nakumbuka tu alichosema yeye.

Mwendee mwenyekiti pembeni, ofisini, bila hadhira. Umsalimie vizuri. Usiseme "mmekosea". Muulize, "Mwalimu, akileta kipimo gani utakubali kuwa ni uhandisi?" Mzee akishataja mwenyewe, hawezi kukikataa baadaye. Halafu mfanyishe binti mazoezi na watu watatu wenye maswali ya kukera kuliko ya jopo.

Mzee wa Maabara

Marahaba, kijana. Nimestaafu kufundisha, bado nasahihisha kazi za wenzangu.

Wote mmezungumzia adabu na hisia. Hakuna aliyeuliza swali la maana: kwa nini jioni yanachelewa?

Jopo limesema data mbovu. Mimi nasema huenda hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Jiko la presha ndani yake ni waya wa kupasha tu. Nguvu yake inafuata mraba wa volti. Mtaani kwenu jioni umeme ni mdogo, si ndiyo? Tuseme zimeshuka kutoka 230 hadi 180. Gawanya 180 kwa 230, jibu lizidishe kwa lenyewe, unapata 0.61. Lile jiko la wati 1,000 sasa ni la wati 612. Linachukua muda mrefu kuchemka, na dakika zote hizo joto linavuja pembeni, kwa hiyo uniti nazo zinapanda kidogo. Hakuna data iliyoruka hapo. Imekuambia kitu, nanyi mkaikaripia.

Endelea mbele. Wachukue mama lishe 30 kwenye transfoma moja ya kVA 50, yaani haipiti kilowati 50, wote wawashe pamoja jioni. Kilowati 30 juu ya mzigo uliokuwepo. Volti zinashuka tena, majiko yanachelewa, yanakaa yamewaka pamoja muda mrefu zaidi. Je, transfoma inahimili? Waya wa mwisho wa mtaa je? Hapo mwambie huyo mzee wa sayansi kimu akae tayari na kalamu.

Swali langu moja tu: kile kimita kinaonyesha volti. Aliziandika?

Kishoka Mstaafu

Mzee umetisha. Mimi hiyo ya jioni ninaijua kwa pasi, wateja wanalalamika haipati moto, nawaambia ngoja saa tano usiku. Sikujua ina mraba.

Mhadhiri Mdogo

Wakuu, mrejesho kidogo.

Nilimpigia baada ya kusoma ya Mzee wa Maabara. Nikamuuliza volti. Akanyamaza, akasema, "Ninazo, mwalimu, ila sikuziweka kwenye ripoti, nilidhani hazihusu." Alizinakili kila mpiko, siku zote 21, kwa penseli pembeni mwa daftari, karibu na orodha ya vitunguu vya shangazi.

Tumekaa juzi kuzichora. Asubuhi 225 hadi 231, maharage dakika hamsini hivi. Jioni zinashuka mpaka 183, na siku mbaya dakika 70 na zaidi. Siku tatu umeme wa jioni ulikuwa mzuri, na siku hizo hizo yaliiva kama ya asubuhi. Sikumweleza chochote kuhusu mraba. Aliitazama karatasi, akachukua kikokotoo mwenyewe.

Jana nimeenda kwa mwenyekiti kama dada wa Nakuru alivyonielekeza. Nikamuuliza angetaka kipimo gani. Akafikiri, akasema, "Volti. Nani anapima kupika bila kupima volti?" Nikamwambia zipo. Akanitazama juu ya miwani, akasema aje Alhamisi saa tatu, yeye mwenyewe, na daftari lile lile, si nakala safi.

Leo mmoja wa wale watano wa pampu kabisha hodi kuuliza kile kimita kinauzwa wapi.