Mrejesho: biskuti za viungo zilizokuwa zinatandaa

Asalaam aleikum. Niliuliza kwa nini biskuti zangu za karafuu na mdalasini zinatandaa kwenye oveni na aisingi (urojo wa sukari wa kupamba juu) haikauki. Ahsanteni nyote, Mungu akulipeni kheri.

Dada uliyesema donge lilale kwenye friji usiku kucha kabla ya kusukumwa, umeniokoa: biskuti nilizokata umbo la nyota zimetoka na pembe zake kali, chini zina rangi ya asali. Karafuu nimepunguza hadi robo kijiko cha chai kwa vikombe 2 vya unga, na sasa hata iliki inasikika. Harufu yake wallahi!

Aisingi ya sukari ya unga na ute wa yai bado. Masika haya hapa Unguja hewa imejaa maji, hata mbele ya feni inanata. Biskuti nazihifadhi kavu koponi, aisingi napaka siku ya kula.